Kuanguka Jukwaani ni Ajali ya Kazini

Kikundi cha uigizaji kinapoalikwa katika shule ya upili huku Bahati, Nakuru, mara nyingi jukwaa huundwa asubuhi ile ile. Meza za bwalo husogezwa zikabanana, zulia hutandikwa juu, na shuka mbili hufungwa kwenye kenchi ziwe pazia. Meza hazilingani kimo, na baina yake kuna nafasi ambayo zulia limeificha. Wa kufunga taa hupanda kiti kilichowekwa juu ya meza, na wa kumshikia kiti hayupo, yuko nyuma anavaa. Baadaye watahiniwa wa kidato cha nne wanacheka na tamthilia ya Bembea ya Maisha, kikundi kinalipwa, safari ya shule ya pili inaanza.

Siku akianguka mtu, atahesabiwa kuwa mwigizaji aliyekosa bahati. Toleo hili linasema ni mfanyakazi aliyeumia kazini.

Sheria iko upande wake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inahusu kila mahali pa kazi penye mtu anayefanya kazi, awe wa muda au wa kudumu. Iliyoitangulia, ya miaka ya 1950, ilizaliwa kama Sheria ya Viwanda, na mpaka leo fikra hiyo haijatutoka: ukitaja usalama kazini, watu huwaza kofia ngumu na mjengo. Ukumbi wa Nakuru Players hauwaziwi, sembuse bwalo la shule.

Kigumu zaidi ni kumpata wa kujibu. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007, humtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima. Mwajiri wa kijana aliyepanda kile kiti ni nani? Kiongozi wa kikundi, ambaye naye anagawana hela za mlangoni? Mwalimu mkuu mwenye bwalo? Malipo yamepita mkono kwa mkono, karatasi hakuna, na kila mmoja atamwonyesha mwenzake kidole.

Kwenye pesa nyingi watu huanguka vile vile. Tarehe 20 Desemba 2010, mwigizaji Christopher Tierney alianguka takriban mita 9 katika onyesho la Spider-Man jijini New York, kamba yake ikiwa haijafungwa inavyotakiwa. Onyesho lenyewe liligharimu zaidi ya dola milioni 60. Faini iliyotozwa kampuni iliyoliandaa mwaka uliofuata ilikuwa dola 12,600, hela ya soda kwao. Lakini mkaguzi alifika, na aliyeandikiwa faini alikuwa na jina na anwani.

Kuna anayehofia kwamba kanuni zitaiua sanaa. Si hoja ya kupuuza, kwa maana ukiweka reli mbele ya jukwaa, mtazamaji ataona nini? Kanuni za Marekani zenyewe zimeuacha huru ukingo huo wa jukwaa. Hapo ndipo akili ya fundi inapohitajika: utepe mweupe ukingoni, mazoezi jukwaani taa zikiwa zimewaka kabla ya kuigiza gizani, ngazi halisi na mtu wa kuishika.

Aprili 2025 tamasha la kitaifa la drama la shule lilifanyika hapa Nakuru. Nchi nzima ikabishana juu ya mchezo wa Echoes of War wa shule ya Butere Girls, na vitoa machozi vikarushwa katika shule ya Kirobon. Ubishi ule ulikuwa wa haki: maneno ya mchezo yana wenyewe wa kuyatetea. Mbao na ngazi bado hazijapata mtetezi, na gharama ya kumpata si kubwa. Ukurasa mmoja wa makubaliano baina ya shule na kikundi, unaotaja nani anakagua jukwaa kabla ya onyesho na nani analipa hospitali, unaweza kuandikwa kabla ya msimu ujao wa vitabu vya kutahiniwa. Mwalimu mkuu atie sahihi, kiongozi wa kikundi atie yake, na nakala ibaki ofisini kwa bwana au bibi mhasibu, pamoja na risiti ya malipo.