Si Kila Shida Ni ya "Netiweki"

Jamani, maneno "netiweki iko chini" yamekuwa kama salamu huku kwetu. Tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za ushuru, niliingia saiba moja mjini Keroka, pale mpakani mwa Kisii na Nyamira. Foleni ilifika mlangoni. Kompyuta tano zilifungua tovuti ya KRA bila taabu, tatu zilikataa. Mhudumu akasema laini ni mbovu, watu wangoje.

Mwalimu mmoja aliyetoka upande wa Nyamira akamuuliza, "Kijana, hizi zote si zinatumia laini moja?"

Hilo ndilo swali! Kama kwa jirani maji yanatoka na kwako hayatoki, usilaumu mto. Angalia mfereji wako.

Nikaziangalia. Mbili zilikuwa zinaleta onyo la usalama, na saa zao zilisema ni Januari 2009. Betri ndogo ya ndani, ile ya mviringo inayoitwa CR2032, ilikuwa imekufa, kwa hivyo kila stima ikipotea saa inarudi nyuma. Tovuti ya https huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani ni 2009 huona cheti hicho bado hakijaanza kutumika, basi inakikataa. Ya tatu haikufungua tovuti yoyote, ingawa iliprinti vizuri. Kumbe mtu aliiandikia kwa mkono anwani ya DNS ya kampuni waliyoihama zamani. Tukaiacha ichukue anwani kutoka kwa ruta, ikafunguka.

Kilichoniudhi ni kwamba mhudumu alikuwa akiwafundisha wateja kubofya "endelea tu" wakiona onyo. Hapana! Onyo hilo hilo ndilo litakalotokea siku mwizi atakapojiweka katikati ya laini kunasa nywila yako. Tukizoea kulipuuza kwa sababu ya betri, siku hiyo nani atashtuka?

Mwalimu aliwasilisha ritani yake. Angechelewa, angepigwa faini isiyopungua shilingi 2,000, na betri haifiki hata robo ya pesa hizo.

Wenye saiba, nawaomba: kabla ya kulaumu laini, jaribuni kompyuta ya pili. Ikifungua, tazameni saa ya ile iliyokataa, kisha DNS. Mkishindwa hapo, ndipo mpige simu.