Mtoto aliyeachwa nje ya dosie



Juma iliyopita, masomo yalipokwisha, mama mmoja wa chama chetu aliningojea chini ya mwembe wa shule, pamoja na binti yake wa miaka tisa. Baba ya mtoto hakumuoa mama huyu. Aliondoka Kiambi akaenda Lubumbashi, akajifunza kazi ya kuchomelea vyuma, akaoa huko na kuzaa watoto wawili. Sasa anatafuta kwenda Kanada na jamaa yake kwa njia ya wafanyakazi wenye ufundi. Alipiga simu akamwambia mama: “Huyu mtoto sikumwandika. Nikifika, nitamuita.” Mama akaniuliza: “Mwalimu, ataweza kumuita?”

Nilimjibu kwamba kwa njia hiyo hataweza. Naandika sababu hapa, kwa kuwa najua nyumba nyingine zenye jambo kama hili.

Kanada inapomkubali fundi kukaa kwa kudumu, haimkubali peke yake. Bibi yake na watoto wake wanaingia katika dosie moja naye, na wakifika wote wanapata haki ile ile ya kukaa. Huo ndio uzuri wa njia hii: bibi hangoji miaka, mtoto haombi viza yake pembeni. Lakini kuna sharti. Mwombaji anaandika watoto wake wote, wanaosafiri naye na wanaobaki. Hata anayebaki kijijini anapimwa na daktari aliyechaguliwa na Kanada. Sheria yao, inayotumika tangu 2002, inasema kwamba mtu wa jamaa ambaye hakuandikwa wala kupimwa wakati ule, hawezi kuitwa baadaye kama mtu wa jamaa. Haisemi mwaka mmoja wala mitano. Mlango umefungwa.

Mama mmoja wa Ufilipino aliingia Kanada mwaka 1993 na binti yake, akasema hana mtoto mwingine. Nyumbani alikuwa ameacha wavulana wawili kwa baba yao. Baadaye akawa raia kabisa, akaomba kuwaita wanawe. Walimkatalia. Alienda mpaka tribinali ya rufani, na mwaka 2005 majaji wakasema sheria ni sawa. Uraia haukumsaidia. Mwaka 2019 Kanada ililegeza kidogo kwa waliofika kama wakimbizi au walioitwa na bwana, bibi au mzazi, lakini mfanyakazi aliyeingia kwa ufundi wake hayumo katika huruma hiyo. Kwake inabaki kuomba kwa sababu za utu, na jibu la ombi kama hilo hakuna anayeweza kuliahidi.

Kwa nini basi wababa wanaficha? Wengine ni haya mbele ya bibi mpya. Lakini mara nyingi ni pesa. Asiye na kazi iliyokwisha kupatikana huko anatakiwa kuonyesha akiba benki, na akiba hiyo inapanda kwa hesabu ya watu wa jamaa, hata wale wasiosafiri. Mtoto mmoja zaidi, akiba inaongezeka. Ndipo rafiki anamshauri: “Punguza watu.” Ni shauri la kijinga. Anaokoa pesa kidogo leo na kumpoteza mtoto, na yeye mwenyewe anaweza kunyang'anywa haki ya kukaa, kwa kuwa alidanganya.

Mama yule alikuwa na woga mwingine, aliousema kwa sauti ya chini: “Akimwandika, si atamchukua?” Hapana. Kumwandika mtoto si kumchukua. Mtoto mdogo akienda na baba, wanadai karatasi ya mama yenye sahihi yake kwamba amekubali. Mama anaweza kusema: apimwe, aandikwe, abaki kwangu. Mlango unabaki wazi na mtoto analala nyumbani. Baba akishakaa huko anaweza kuomba kumuita, mradi bado hajaolewa na hajafika miaka 22.

Tusichanganye jambo moja. Sisi tukisema jamaa, tunahesabu mama mkwe, shemeji, na mtoto wa marehemu dada tuliyemlea tangu ananyonya. Katika dosie hii, jamaa ni bibi au bwana, watoto, na watoto wa watoto hao. Mtoto tuliyemlea bila hukumu ya tribinali hahesabiwi. Bibi wa pili pia hahesabiwi, na sheria yetu ya jamaa ya 1987 nayo haimtambui.

Sasa upande wetu, ambapo ndipo kazi ilipo. Yule binti hana akti ya kuzaliwa. Sheria yetu, tangu ilipobadilishwa mwaka 2016, inatoa siku 90 za kumwandikisha mtoto kwenye eta sivili. Zikipita, inahitajika hukumu ya tribinali, ile wanayoita jugement supplétif, na safari na gharama mnazijua. Baba naye aje au atume karatasi ya kukubali kwamba mtoto ni wake. Karatasi zikiwa na mashaka, Kanada inaweza kuomba kipimo cha DNA, na mwombaji ndiye anayelipa.

Daftari la shule nalo linaweza kusaidia. Miaka ya nyuma mzazi mmoja aliniletea kuku ili nibadilishe jina la baba kwenye daftari. Kuku alirudi kwao akiwa hai. Jina la kweli likiwa limeandikwa mwaka baada ya mwaka, ni ushahidi ambao mtoto hawezi kuupata tena akiwa mkubwa.

Jioni ile tulimpigia baba simu, mimi na mama, simu ikiwa wazi tusikie wote. Alinyamaza muda mrefu. Dosie yake ilikuwa haijatumwa. Akauliza mtoto alizaliwa tarehe gani. Mama akamtajia tarehe, naye akaomba airudie polepole, aandike.

Mwenye mtoto asiye na akti aje Jumatano kwenye mkutano na kadi ya kliniki ya kuzaliwa, kama bado anayo.