Intaneti Ikipotea, Usikwame

Mnakumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024? Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti Kenya ikaanza kutambaa kama kobe.

Tuseme ukweli: tumezoea programu ya simu kupita kiasi. Na lawama nyingine ni yetu. Tuliwahimiza muipakue, tukasahau kuwakumbusha ile menyu ya zamani, inayoanza na * na kuishia na #. Hiyo haihitaji bando. Inapita kwenye mtandao wa simu wa kawaida, hata ukiwa na kabambe.

Mama mboga wa hapa Eldoret hawezi kungoja intaneti irudi ndipo alipwe. Sukuma inanyauka.

Kwa hivyo, leo kabla hujalala:

- Jaribu menyu hiyo mara moja, hata kwa kuangalia salio tu.
- Kariri namba mbili za watu wako.
- Weka nauli ya matatu mfukoni, pesa taslimu.

Na ujumbe wa malipo ukichelewa, usitume tena. Angalia salio kwanza.

Programu ni nzuri, lakini isiwe mlango pekee wa pesa zako.