Je, mwanga umemshinda Newton?

Ulifunzwa shuleni kwamba ukisukuma ukuta, ukuta nao unakusukuma kwa nguvu ileile. Hiyo ndiyo sheria ya tatu ya Newton, ambayo wengi wetu tuliikariri tu tupite mtihani. Sasa hebu sikia mambo ya Vienna, Austria.

Watafiti wa chuo kikuu cha huko huchukua chembe za glasi, kila moja ndogo mara mia kadhaa kuliko upana wa unywele wako, na kuzielesha ndani ya chombo kilichofyonzwa hewa. Hakuna uzi wala kishikio, ni miali ya leza tu. Si uchawi. Mwanga una msukumo, na ukikusanywa mahali pamoja huvuta chembe hadi pale unapong'aa zaidi. Mmarekani Arthur Ashkin alianza kuonyesha nguvu hiyo mnamo 1970. Nobel alikuja kuipata 2018, akiwa na umri wa miaka 96!

Uhondo wenyewe unaanza chembe zikiwa mbili. Kila moja hutawanya mwanga, na mwanga huo humsukuma jirani. Katika matokeo yaliyochapishwa 2024, kikundi cha Vienna kilirekebisha leza na umbali hadi chembe moja ikawa inasukuma nyenzake bila kusukumwa vivyo hivyo. Ni kama moja inafukuza, nyingine inakimbia. Msukumo huo ukizidi kiwango fulani, zote mbili huanza kucheza kwa mdundo mmoja, mwendo ambao hungeuona kwa chembe iliyo peke yake.

Basi Newton alikosea? Wapi! Msukumo unaoonekana kukosekana umebebwa na mwanga uliotawanyika. Ukihesabu chembe pekee, hesabu inakataa. Ukiongeza mwanga, inakubali.

Usidhani ni mchezo wa maabara tu. Chembe inayoelea haiguswi na chochote, kwa hivyo hata nguvu hafifu mno huitikisa. Ndiyo maana wanasayansi wanaona humo vipimo vikali kuliko tulivyo navyo, na zikiwa nyingi, njia ya kuchunguza jinsi kundi linavyopata tabia ambayo hakuna mmoja wao anayo.

Kwa hivyo ukikutana na video mtandaoni ikidai eti Newton ameangushwa, usikimbilie kuisambaza. Uliza kwanza: wamehesabu nini, na wameacha nini nje?