Faru wa Uganda: idadi imepanda, nasaba je?

KAMPALA. Uganda ilimpoteza faru wake wa mwisho wa mwituni mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika vurugu na ujangili. Kilichofuata ni ukame wa miaka zaidi ya ishirini. Mwaka 2005 faru weupe wa kusini wanne waliletwa Ziwa, wilayani Nakasongola, kando ya barabara ya Kampala kwenda Gulu, kutoka Solio nchini Kenya. Mwaka 2006 wakaongezeka wawili kutoka bustani ya Disney, Florida. Madume watatu, majike watatu.

Ndama wa kwanza alizaliwa Juni 2009. Baba alitoka Kenya, mama Marekani, basi akaitwa Obama. Watu walicheka, lakini kwa mfugaji ndoa hiyo ilikuwa na maana: wazazi walitoka makundi mawili tofauti.

Leo kundi limepita arobaini. Hapo ndipo hesabu ngumu inapoanza. Kundi la wazazi sita, hata wote wakizaa sawa, hupoteza takriban asilimia 8 ya utofauti wa vinasaba katika kizazi kimoja. Faru hawazai sawa. Dume mwenye nguvu huwafukuza wenzake. Akibaki mmoja kwa majike watatu, hasara hukaribia asilimia 17. Kundi likikua hasara hupungua, ila kilichopotea hakirudi bila damu mpya. Askari wa hifadhi humjua mama wa kila ndama kwa macho. Baba huthibitishwa na maabara, na kipande cha ngozi kinachokatwa sikioni wakati wa kuweka alama kinatosha.

Onyo liko jirani. Faru weupe wa asili wa Uganda, wale wa kaskazini, wamebaki majike wawili tu, Najin na binti yake Fatu, huko Ol Pejeta. Sudan, dume wa mwisho, alikufa Machi 2018. Mayai ya Fatu hurutubishwa maabara kwa mbegu zilizogandishwa. Hata wakifaulu, ukoo wote utakuwa wa mama mmoja, ndiyo maana seli za faru 12 zilizohifadhiwa San Diego zinategemewa sana.

Ziwa haijafika huko. Dume wa Kenya anaweza kuvuka Busia kwa lori na wa Ziwa akaenda upande wa pili, bila ndege ya Florida. Kwanza, hata hivyo, Nairobi na Kampala ziandike daftari moja la nasaba.