Mvuvi Anayemrudisha Samaki Mtoni

Wengi wetu tuliokulia kando ya maziwa na mito twapata shida kumwelewa mvuvi wa ndoana wa Uingereza. Hukaa siku nzima chini ya mwavuli kando ya mto Severn, mvua ikinyesha, kimya kabisa. Na akimnasa barbel, samaki mwenye masharubu kama ya kambare, humfungua kwa mikono iliyoloweshwa na kumrudisha majini. Nasi twauliza: kitoweo ki wapi?

Hata hivyo tusiharakishe kumcheka. Yeye ajua ya kwamba mvua ikiujaza mto na kuutia rangi ya udongo, barbel hutoka mafichoni kutafuta chakula. Tena huitii sheria inayofunga uvuvi huo mitoni tangu tarehe 15 Machi hadi 15 Juni, samaki wapate kuzaa kwa amani.

Lakini mvua hiyohiyo huleta aibu. Katika miji mingi ya huko, maji ya mvua na maji machafu ya vyooni hupita bomba moja. Yakizidi, humwagwa mtoni. Mwaka 2023, saa za umwagaji huo katika England, zikijumlishwa za mabomba yote, zilifikia milioni 3.6. Ni nani aonaye mapema kuliko huyu aliyelowa, aijuaye harufu ya mto wake? Kwa maoni yetu, amrudishaye samaki anayo haki ya kuuliza anamrudisha katika maji gani, na wanaolipwa kuyasafisha wana wajibu wa kumjibu.