Pivo hafungi kwa mpira asioupata

Timu ya kitivo chetu inapokwenda kucheza Shituru, watazamaji hujua mapema nani watafunga. Ni wale wawili wanaoleta mpira kutoka nyuma. Siku mikono yao ikikubali tunashinda, nao wanabebwa mabegani. Siku ikikataa tunafungwa, na lawama zote huwaangukia wao. Mimi naona sifa zile na lawama zile zinatoka kwenye kosa moja, na kosa hilo ni la timu nzima.

Katika mechi tatu zilizopita niliketi kando ya uwanja na daftari, nikiandika kila mpira umepita mikononi mwa nani kabla ya kutupwa kikapuni. Sikuhitaji kurasa nyingi. Mwongozaji anavuka mstari wa katikati, anadunda, anampa mwenzake, mwenzake anamrudishia, mmoja wao anatupa. Warefu wetu wamesimama karibu na kikapu wameinua mikono kama watu wanaosimamisha gari la Lubumbashi. Katika robo ya tatu ya mechi ya mwisho, pivo wetu hakushika mpira hata mara moja, ila ule alioupokonya mwenyewe baada ya wenzake kukosa.

Sisi wa kitivo cha lugha tungepaswa kushtushwa na majina kwanza. Mchezaji huyu wa nyuma Waingereza humwita mlinzi. Wafaransa humwita meneur, yaani kiongozi wa mchezo, na ndilo jina tunalolitumia hapa. Hakuna lugha kati ya hizo mbili iliyompa jina la mfungaji. Hilo tumemwongezea sisi, tena pamoja na kelele zetu: akishavuka tu katikati, jukwaa zima linapiga ukelele "Tupa!" Sijasikia mtu akiita "Ingiza mu ndani!"

Walimu wetu wanaopenda hesabu kuliko kelele watanielewa haraka. Mstari wa pointi tatu uko mita 6.75 kutoka kikapuni. Kutupa kutoka huko ndani ya ukumbi ni jambo moja. Kutupa kwenye saruji ya Likasi wakati wa kiangazi, upepo umebeba vumbi na chuma cha kikapu kimepinda, ni jambo jingine. Mpinzani akishajua kwamba wafungaji ni wawili, anawatumia watu wake watatu kuwabana wawili hao, na wale wengine wetu anawaacha wapunge hewa. Mwongozaji ana sekunde 8 za kuvuka katikati na sekunde 24 za kutupa. Akibanwa anakimbia zaidi, na kufika robo ya nne miguu imekwisha, ndipo mpira unapoanza kugonga mbele ya chuma. Mpira ukiingia ndani, hata usipofunga, mpinzani analazimika kumgusa mtu. Kuanzia kosa la tano la timu katika robo moja tunapewa mitupo huru, na mchezaji mwenye makosa matano anatoka nje. Sisi hatumtoi mtu nje, kwa sababu hatumlazimishi mtu kutukosea.

Najua nitajibiwa kwa Sudan Kusini. Kwenye Kombe la Dunia la 2023, mwongozaji wao Carlik Jones aliibeba timu hadi ikapata tiketi ya Olimpiki ya Paris. Ni kweli, nami nilishangilia kama wengine. Lakini mtazameni vizuri. Alifunga wastani wa pointi 20.4 kwa mechi, na papo hapo akatoa pasi 10.4 za kufungisha, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa mashindano yale. Siku aliyofunga nyingi kuliko zote, pointi 38 dhidi ya Puerto Rico, timu yake ilipoteza kwa 101 kwa 96 katika muda wa nyongeza. Mwaka uliofuata, mjini Paris, walikutana na Puerto Rico hao hao. Jones alifunga 19, wenzake wakafunga zilizobaki, Sudan Kusini ikashinda 90 kwa 79.

Upande wetu wa Kongo jambo hili lina uchungu wake. Dunia imewapokea warefu wetu kama watu wa kuzuia na kuokota. Dikembe Mutombo alichaguliwa mlinzi bora wa mwaka mara nne. Bismack Biyombo, mtoto wa Lubumbashi, aliokota ribaundi 26 katika mechi moja dhidi ya Cleveland mwaka 2016, na usiku huo alifunga pointi 7 tu. Siwapunguzii heshima, kazi ile ni ngumu. Lakini Oscar Tshiebwe, wa Lubumbashi pia, alipopewa mpira katika chuo cha Kentucky, msimu wa 2021 hadi 2022 alifunga wastani wa pointi 17.4 pamoja na ribaundi 15.1, akatajwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. (Na kwa haki: mwisho wa msimu huo alifunga 30 dhidi ya Saint Peter's, na Kentucky ikatolewa. Kumtegemea pivo mmoja nako ni ugonjwa ule ule.)

Waongozaji wetu, ambao ni marafiki zangu na nitakutana nao kantini kesho, wana hoja moja nzito. Wanasema wakimpa pivo mpira anaupoteza. Anaupoteza, nimeona. Ila katika mazoezi yetu wafupi hutupa kikapuni nusu saa nzima, na warefu hutumwa kukimbia kuzunguka uwanja na kuwaokotea mipira. Wengi wao walianzia kwenye kandanda, wakaja kikapuni wakiwa na miaka kumi na saba kwa sababu tu mtu aliwaona ni warefu. Hakuna aliyewafundisha kugeuka na mgongo kwa kikapu, wala kupokea kwa mikono miwili huku wakisukumwa. Na kupeleka mpira ndani nako ni ufundi wa mwongozaji: aupeleke upande ambao adui hayupo, kabla pivo hajamaliza sekunde zake tatu. Hilo nalo hatulifanyi mazoezini.

Mmoja wa warefu wetu, kijana wa Shituru hapo hapo, hajaonekana mazoezini tangu likizo. Nilimkuta sokoni nikamwuliza. Akanijibu bila hasira: "Miye niko wa kuokota tu. Mutapata mwingine."

Nimemwomba kocha nusu saa ya kwanza ya kila zoezi. Wafupi watoe pasi, warefu wafunge, na mtu asitupe kabla mpira haujagusa mikono iliyo karibu na kikapu. Bado hajakubali, anasema tungoje mechi ya Jumamosi ipite. Mimi nimekwisha kumwambia yule kijana arudi Jumatatu.